Shajara ya mradi wa mapacha, Tabora: kusoma, hesabu na kinachowatofautisha watoto

Februari, wiki ya kwanza

Vibali vimekamilika: NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba), COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), mkoa, Manispaa na wilaya ya Uyui. Sehemu ya sampuli za mate, za kupimia DNA, tumeitenga, tutaiombea kibali chake peke yake; sababu nitazieleza nikifika huko. Kwa atakayefuata nyayo zetu: barua ya mkurugenzi wa halmashauri ndiyo inayokufikisha kwa Afisa Elimu Kata, na simu ya Afisa Elimu Kata ndiyo inayomfanya mwalimu mkuu akutafutie kiti. Ukiruka ngazi, utakaa kwenye benchi la nje mpaka kengele ya kutoka.

Swali letu analo kila mwalimu wa Darasa la Pili. Watoto wawili wanatoka nyumba moja, wanabanana dawati moja, mwalimu ni huyohuyo. Mwaka ukiisha mmoja anasoma hadithi fupi bila kusukumwa, mwenzake bado anapambana na silabi. Kilichowaachanisha ni nini, damu au malezi? Na je, kinachomwacha mtoto nyuma kwenye kusoma ndicho kinachomwacha nyuma kwenye hesabu?

Mapacha wanatusaidia kwa sababu wapo wa aina mbili. Wa yai moja wana vinasaba vilevile. Wa mayai mawili, kwa wastani, wanashiriki nusu ya vile vinavyowatofautisha watu, sawa na ndugu wengine wowote wa tumbo moja. Aina zote mbili zinakulia ndani ya nyumba moja. Basi ikiwa wa yai moja wanakaribiana zaidi kwa alama kuliko wa mayai mawili, ziada hiyo ya ukaribu ndiyo inayotuonyesha mkono wa urithi.

Wasaidizi wetu nimewafundisha kwa namba za kubuni. Tuseme ufanano wa alama kwa wa yai moja ni 0.80, na kwa wa mayai mawili ni 0.50. Tofauti ni 0.30, zidisha kwa mbili, unapata 0.60: huo ni urithi. Rudi kwenye 0.50, zidisha kwa mbili, toa 0.80: inabaki 0.20, nayo ni mazingira ya pamoja, yaani nyumba, shule, kijiji. Ile 0.20 ya mwisho ni yaliyompata mmoja bila mwenzake, pamoja na kasoro za kipimo chenyewe. Njia hii ni ya Falconer, mtaalamu wa vinasaba. Kwenye kompyuta tunatumia modeli nzito kuliko hii, ila aliyeelewa hapa ameuelewa mradi.

Februari, wiki ya pili

Kuwatafuta mapacha. Waingereza, kwenye mradi wao wa mapacha uitwao TEDS, ulioanzishwa na Robert Plomin, walianzia kwenye kumbukumbu za vizazi vya England na Wales vya 1994 hadi 1996, wakapata zaidi ya familia 10,000. Sisi daftari la namna hiyo hatuna. Tuna majina.

Unafungua daftari la mahudhurio la Darasa la Pili, unapitisha kidole: Kulwa. Ukiona Kulwa, Doto hayuko mbali. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma aliyetangulia kutoka ni Kulwa, aliyefuata ni Doto, na hilo halijali kama ni wa kike au wa kiume. Mjini, kwenye familia za Kiislamu, tunatafuta pia Hassan na Hussein. Mwalimu mmoja alituonya mapema kwamba kuna Doto aliyerithi jina la babu yake, na pacha hana. Kuna pia familia za Kanisa zilizompa mmoja jina la Peter na mwingine Paulo, hao daftari haliwezi kuwasema. Ni lazima uulize. Kwa hiyo tunapitia majina, halafu tunakagua tarehe za kuzaliwa zinazofanana chini ya jina moja la ukoo, halafu tunamuuliza mwalimu wa darasa. Mwalimu ndiye anayejua kuliko daftari lolote.

Afrika tuna mapacha wengi: takribani uzazi 17 katika kila 1,000. Lakini wa yai moja ni kama 4 tu kati ya hao, kiwango ambacho hakibadiliki sana popote duniani. Ziada yetu yote ni ya mayai mawili, na nusu yao ni wa jinsia tofauti. Maana yake kikwazo cha mradi ni jozi za yai moja, na kila moja tunayoikosa inauma.

Kuna jambo lingine ambalo madaftari hayalionyeshi. Utafiti wa Monden na Smits uliotoka 2017 ulionyesha kuwa kusini mwa Sahara, mapacha waliofariki kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa 213 katika kila 1,000, hiyo ikiwa ni hesabu ya miaka ya 2009 hadi 2014, na kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya zaidi. Tumeshakutana na Kulwa asiye na Doto. Sasa kabla ya kufika nyumbani kwa mtoto tunamuuliza mwalimu kwanza, ili mama wa watu asiulizwe mlangoni na mgeni mwenye karatasi.

Februari, mwisho wa mwezi

Majaribio ya awali, shule mbili za Uyui. Vipimo ni vya aina inayojulikana na walimu wengi hapa: sauti za herufi, silabi, maneno ya kubuni, hadithi fupi ya dakika moja na maswali yake, upande wa hesabu, kutambua namba, kulinganisha, namba inayokosekana, kujumlisha na kutoa.

Kila pacha anapimwa na mtu wake, kwa wakati mmoja, mbali na mwenzake. Ukimpima Kulwa akakuvutia, utamsikiliza Doto kwa sikio la Kulwa.

Mvua ilitukatisha mara mbili. Ikinyesha juu ya bati, sauti ya "f" na ya "s" ni moja, na hakuna haki kumwandikia mtoto kosa ambalo limefanywa na paa. Tumekubaliana: wingu likikaza, tunaanza na hesabu za kuandika, kusoma tunakuacha hadi mvua iishe.

Halafu kuna sifuri, ambazo ndizo zimeninyima usingizi. Watoto wengi wa Darasa la Pili walipata sifuri kwenye hadithi. Pacha akipata sifuri na mwenzake akipata sifuri, kompyuta inaona watu wanaofanana kabisa. Inaona hivyo kwa wa yai moja na kwa wa mayai mawili sawasawa, na pale aina zote mbili zinapofanana kwa kiwango kilekile, hesabu inatupa kila kitu kwenye kapu la mazingira ya pamoja. Tungetoka hapa tukitangaza kuwa Tabora urithi hauna kazi kwenye kusoma, kumbe kipimo ndicho kilichokuwa kigumu. Nyuma ya sifuri mbili anaweza kuwepo mmoja anayejua sauti za herufi zote na mwingine asiyejua hata moja.

Tumefanya mawili. Tumeshusha ngazi ya chini: kusikia neno na kutaja sauti yake ya kwanza, kuunganisha silabi kwa masikio tu, kuhesabu vizibo, kusema rundo lipi ni kubwa. Na tumepandisha madarasa, tutapima la Tatu na la Nne pia. Huko juu tatizo linageuka. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishazishika silabi anaweza kutamka karibu neno lolote, hata asilolijua maana. Usahihi unajaa hadi ukingoni. Kinachobaki kuwatofautisha ni kasi na kuelewa, basi la Nne tutaegemea hapo.

Machi, wiki ya kwanza

Doto amepimwa mara mbili. Alimaliza kwa msaidizi wa kwanza, akazunguka nyuma ya darasa, akaja kukaa kwa wa pili na kujitambulisha kuwa Kulwa, huku Kulwa mwenyewe akicheza rede. Mwalimu wa darasa alicheka mpaka akashika ukuta. Aligundua kwa sababu Doto ana pengo la jino na Kulwa lake limeshaota. Kuanzia leo kila pacha anafungwa utepe mkononi mbele ya mwalimu wake, mwekundu na wa bluu, na hautoki mpaka karatasi zote mbili zimesainiwa. (Alama za mara ya pili zilikuwa juu kidogo. Zimewekwa kando kama kipimo cha bure cha uthabiti.)

Nyumbani: hojaji tuliyoanza nayo ilitokana na zile za Marekani, nayo inauliza nyumba ina vitabu vingapi vya watoto. Jibu hapa karibu kila nyumba ni kwamba hakuna, na swali ambalo wote wanajibu sawa halipimi kitu. Tumeandika upya. Kuna nini cha kusomeka ndani ya nyumba: daftari la kaka aliyemaliza, kalenda ukutani, Biblia, msahafu, kitabu cha nyimbo, gunia la mbolea lenye maelezo? Ujumbe wa muamala ukiingia kwenye simu, nani anausoma? Nyumba nyingi ni mtoto. Mtoto anaenda chuo (madrasa) jioni? Anayeshinda na juzuu anapata mazoezi ya kuunganisha alama na sauti, japo ni herufi nyingine. Lugha ya jikoni ni ipi? Uyui ndani ni Kinyamwezi, na mtoto anaanza Darasa la Kwanza akijifunza kusoma kwa lugha ambayo bado anaisikia kama ya watu wa mjini. Maelekezo ya vipimo sasa tunaruhusu yatolewe kwa Kinyamwezi. Vya kusomwa vinabaki Kiswahili.

Tumeongeza pia maswali ya shamba. Kipindi cha kuvuna tumbaku na kupanga majani kwenye mabani ya kukaushia, kuna watoto wanaokosa shule siku nyingi. Anayekosa ni nani kati ya wawili? Wakikosa wote, ni mazingira ya pamoja. Akibakizwa mmoja, ni yake peke yake. Malaria vivyo hivyo, na mkoa huu unaijua malaria. Kadi ya kliniki ikiwepo tunaandika uzito wa kuzaliwa wa kila mmoja, kwa kuwa hata wa yai moja hawagawani sawa tumboni.

Machi, wiki ya tatu

Mnadani. Pacha mmoja wa majaribio yetu, ambaye simtaji shule, alikuwa anauza mahindi ya kuchemsha, mia tatu kila moja. Nikachukua matatu, nikampa noti ya elfu mbili. Alinirudishia elfu moja na mia moja kabla sijaanza hata kutafuna. Karatasi yake ya kutoa ninayo: 42 toa 17, ameandika 35. Amechukua 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5; kisha 4 toa 1, akapata 3. Ni kosa lenye utaratibu wake, nalo nimeliona kwenye karatasi nyingi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha habari za watoto wachuuzi wa Recife, Brazili. Barabarani, kwenye biashara yao, walipatia asilimia 98 ya hesabu. Hesabu za aina hiyo zikiwekwa kama maswali ya maneno, asilimia 74. Zikiandikwa namba tupu kwenye karatasi, asilimia 37. Hesabu anazifanya mtoto yuleyule.

Nimeshinikiza tuongeze kipimo cha duka la kuigiza, noti na sarafu halisi, bidhaa za kawaida. Mwenzetu wa takwimu alilalamika kuwa hakitalinganishwa na tafiti za nje. Sawa, kisilinganishwe. Nikipima hesabu za mtoto wa Tabora kwa karatasi peke yake, nimepima kwa sehemu kubwa kama amefundishwa kuandika hesabu wima, na darasa lenye mlundikano tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 halimpi kila mtoto zamu ya ubaoni.

Machi, mwisho

Nani ni wa yai moja? Wa jinsia tofauti hawatupi shida, wa mayai mawili hao, ingawa hatuwaingizi kwenye hesabu kuu: binti akirudi shuleni anashika ndoo, kaka yake anashika mpira, na tofauti hiyo ingechanganyika na tunayoitafuta. Wa jinsia moja ndio kazi.

Kina mama kadhaa wametuambia kwa uhakika kuwa watoto wao si wa yai moja kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kondo lake la nyuma. Hilo halitoshi: theluthi moja hivi ya mapacha wa yai moja hukua kila mmoja na kondo lake. Njia inayoaminika ni maswali ya kufanana, ambayo yakitungwa vizuri yanakubaliana na DNA kwa kama asilimia 95. Majirani huwachanganya? Mwalimu? Ukisikia sauti tu ya mmoja kutoka nje, unajua ni nani? Masikio, nywele, rangi, meno yaliota pamoja?

Bibi mmoja tulimkuta akipepeta karanga. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, tukauliza kama huwachanganya wajukuu zake. "Mimi? Nawajua kwa hatua zao usiku. Muulizeni mama yao, ndiye anayempa Doto dawa ya Kulwa." Tumeandika majibu ya wote wawili, na la mama ndilo lenye uzito zaidi kwenye alama. Bibi aliyeishi nao tangu siku ya kwanza anaona tofauti ambazo jirani haoni, na kwa kazi hii jicho kali kupita kiasi linapotosha.

Hapo hapo nikapata kitu ambacho sikukitafuta. Utafiti wa mapacha unasimama juu ya dhana kwamba wa yai moja hawatendewi sawa zaidi kuliko wa mayai mawili. Wakosoaji wa nje huipiga dhana hii kila mwaka: wazazi huwavisha sare wale wanaofanana, wale wengine huwaachia. Huku kwetu kanuni ni ukimpa Kulwa, mpe na Doto, na haiulizi kama wanafanana sura. Nguo, kipande cha nyama, daftari jipya, hata adhabu. Kwa wa jinsia moja, naona dhana hiyo ina miguu imara zaidi Tabora kuliko kwingi ilikojaribiwa. Tumeweka maswali ya kuikagua badala ya kuiamini tu.

Aprili, wiki ya kwanza

Mkutano wa kijiji kuhusu mate. Mwenyekiti aliuliza: "Mate ya watoto wetu yanakwenda wapi, na yakishakwenda, yanarudi?" Nyuma mtu akasema mumiani, watu wakacheka, ila si wote waliocheka. Swali la mwenyekiti ni halali na lina majibu ya kuandikwa: maabara ipi, yanahifadhiwa muda gani, nani anayaharibu, mbele ya nani. Majibu hayo yatakuwa kwenye ombi la kibali kabla ya jambo jingine lolote. Na tutachukua mate kwa zile jozi tu ambazo maswali yameshindwa kuziamua. Alama za vinasaba za kubashiri elimu, zile zilizotengenezwa kwa data za watu zaidi ya milioni moja wenye asili ya Ulaya, hatuzihitaji. Hazisafiri vizuri hadi kwa watu wa asili nyingine, na hapa zingetupa namba zenye sura ya sayansi zisizo na mwili.

Aprili, wiki ya pili

Wafadhili wameuliza tunatarajia urithi utoke asilimia ngapi. Nimewajibu kwa kirefu, naweka hapa kiini chake.

Kiwango cha urithi hakimo ndani ya mtoto. Kinasema, katika mahali hapa na wakati huu, kiasi gani cha tofauti kati ya watoto kinaendana na tofauti za vinasaba. Mahali pakibadilika, namba inabadilika. Ushahidi bora ninaoujua ni wa timu ya Brian Byrne, Richard Olson na Stefan Samuelsson, waliofuata mapacha Australia, Colorado (Marekani) na Skandinavia. Mwaka wa chekechea, urithi ulibeba sehemu kubwa zaidi ya tofauti za kusoma Australia kuliko Skandinavia, Colorado ikiwa katikati. Watoto wa New South Wales, huko Australia, walikuwa wameshaanza kufundishwa kusoma kwa mtaala mmoja, siku nzima. Wa Skandinavia walikuwa bado, kila nyumba ikifundisha kwa kadiri ilivyopenda. Shule ilipoanza kwa wote, mwisho wa Darasa la Kwanza, urithi ulikuwa juu kote kote. Vinasaba vya Waskandinavia havikugeuka mwaka ule. Mafundisho yaliposawazishwa, tofauti za nyumba zilipungua, zile za vinasaba zikabaki zinaonekana.

Florida, Jeanette Taylor na wenzake waliandika 2010 kwamba palipo na mwalimu bora urithi wa kusoma unaonekana mkubwa, na palipo na mwalimu dhaifu unafifia. Mtoto mwenye uwezo hana pa kuuonyeshea.

Kwa hiyo matarajio yangu ya Tabora, na nimeyaandika kabla ya data ili nisije nikajipendelea: mazingira ya pamoja yatakuwa makubwa kuliko yale ya Ulaya na Marekani, hasa vijijini na hasa madarasa ya chini. Namba ndogo ya urithi hapa haitakuwa habari njema ya usawa. Itamaanisha kuwa mtoto kuzaliwa karibu na shule yenye walimu au mbali nayo bado kunaamua mengi. Na ikitoka kubwa, asije mtu akaniambia basi hakuna haja ya kuajiri walimu.

Kuhusu kusoma na hesabu kwa pamoja: kwenye mapacha wa TEDS wenye miaka 12, karibu nusu ya uhusiano kati ya kusoma na hesabu ilifuatwa hadi kwenye vinasaba vilevile. Hapa nataka kuona kama duka la kuigiza litaungana na kusoma kwa namna hiyo au litakwenda njia yake. Nadhani litakwenda njia yake.

Aprili, wiki ya tatu

Suala la mikondo. Shule moja ya mjini ina Darasa la Tatu A, B na C, na mwalimu mkuu huwatenganisha mapacha ili wasinakiliane. Nyingine huwaweka pamoja daima. Kwetu ni bahati: kwa kulinganisha jozi zilizo darasa moja na zilizotengana, timu ya Byrne ilikadiria kuwa tofauti ya darasa ilibeba kama asilimia 8 ya tofauti za kusoma Marekani na Australia. Hapa, ambapo mkondo mmoja unaweza kuwa na mwalimu aliyebobea KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) na mwingine mwalimu wa kujitolea, sitashangaa ikizidi.

Gumu ni wale ambao mmoja amekariri darasa. Doto kabaki la Pili, Kulwa yuko la Tatu. Doto alirudishwa kwa sababu hakuweza kusoma, sasa anafundishwa ya la Pili, mwakani tutasema tofauti yao imetokana na darasa. Kipi kilitangulia? Tunaandika sababu ya kukariri kwa maneno ya mwalimu, neno kwa neno, na tunawapima wote wawili kwa karatasi za umri wao, si za darasa walilopo.

Baada ya likizo: shule za mjini kwanza, maana barabara za Uyui bado zina matope. Utepe umeongezwa. Noti za duka la kuigiza zimefungwa kwenye bahasha na zitahesabiwa asubuhi na jioni, kwa kuwa wauzaji wetu ni wepesi kuliko sisi.